Mwongozo Kamili wa Kufuga Gayogayo na Mikunga wa Maji Baridi Nyumbani

Mtu anayenunua gayogayo mwenye upana wa sarafu na kuambiwa kwamba ni samaki wa maji baridi mara nyingi hajadanganywa, ila amepewa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni kwamba samaki huyo huenda alianguliwa mlangoni mwa mto, akapanda juu akiwa mchanga, na atahitaji kurudi kwenye chumvi akishakomaa. Mkunga naye ni msafiri wa namna hiyo, na safari yake ni ndefu zaidi: huzaliwa bahari kuu, hukulia mtoni kwa miaka mingi, kisha hushuka baharini kuzaa mara moja na kufa. Kwa hiyo mwongozo huu unalitanguliza swali la chumvi mbele ya kioo, chujio na chakula, kwa kuwa anayekosea hapo hawezi kuokolewa na tangi zuri. (Kwa msomaji mgeni katika ufugaji huu, "maji baridi" maana yake ni maji ya mto na ziwa, yasiyo na chumvi, hayahusiani na friji.)

Hatua ya kwanza: kumjua samaki kabla ya kumlipia

Gayogayo, ambaye wengine humwita wayo, ni jina la jumla la samaki bapa wanaolala kwa ubavu mmoja. Anapoanguliwa huwa na jicho moja kila upande kama samaki mwingine yeyote, lakini angali mdogo sana jicho moja huhama na kuvuka kichwa, ubavu uliobaki bila jicho ukawa wa kulalia, na ule wa juu ukapata rangi ya mchanga. Jambo la kwanza la kutazama dukani, basi, ni macho ya samaki yapo upande gani. Umweke samaki kwa mawazo yako akiwa wima, mdomo mbele na tumbo chini, kisha uangalie ubavu wenye macho.

Anayeuzwa sana katika biashara ya samaki wa mapambo, hasa Marekani, ni Trinectes maculatus, wa mwambao wa mashariki wa nchi hiyo na wa Ghuba ya Meksiko. Macho yake yako upande wa kulia, umbo lake linakaribia duara, mkia wake umejitenga na mapezi mengine, hana mapezi ya ubavuni, na mwili una mistari myembamba ya giza inayokatiza mgongo kuelekea tumbo. Jina lake la huko lina maana ya "mkaba nguruwe", kwa sababu inasimuliwa kwamba nguruwe waliotupiwa samaki hao walikabwa na magamba yao yanayokwaruza. Hukua hadi kiasi cha sentimita 15, na mara chache hufika 20. Wachanga hupanda mito hadi kwenye maji yasiyo na chumvi kabisa, na wakubwa hushuka kuzaa kwenye mlango wa mto. Huyu ndiye samaki wa nusu ya habari niliyoitaja: anaweza kuishi muda mrefu katika maji matupu, lakini akikomaa hustawi zaidi katika maji ya chumvichumvi.

Wapo gayogayo ambao hawahitaji bahari katika maisha yao yote. Hypoclinemus mentalis wa bonde la Amazon hupatikana hadi Peru, maelfu ya kilomita kutoka pwani. Katika mito ya Asia ya Kusini-Mashariki wako Brachirus panoides na mwenzake mdogo, Brachirus harmandi. Hao mapezi yao ya mgongoni na ya chini yameungana na mkia, na kwa alama hiyo hawachanganywi na yule wa Marekani. Mfugaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayeagiza samaki kutoka nje ningemshauri achague wa Asia au wa Amazon, kwa kuwa wamezoea joto la nyuzi 25 hadi 28, na hawatamlazimisha kununua chumvi kila mwezi. Anayeishi Ulaya au Amerika ya Kaskazini hana ubaya kuanza na Trinectes, ambaye huvumilia ubaridi.

Kwa mkunga, tatizo la majina ni kubwa zaidi. Samaki yeyote mrefu kama nyoka huuzwa kwa jina hilo, ilhali mikunga wa kweli ni wa oda moja tu (yaani kundi moja kubwa la familia za samaki), Anguilliformes. Mastacembelus wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria, mwenye safu ya miiba mifupi mgongoni na pua iliyochongoka, si mkunga wa kweli. Monopterus wa Asia, asiye na mapezi ya kuonekana na mwenye tundu moja la matamvua chini ya koo, naye si mkunga. Samaki wa umeme wa Amerika ya Kusini naye si mkunga, na kamongo, yaani kambare mamba, ni mbali kuliko hao wote. Mvuvi wa Kigoma anapomwonyesha mtu "mkunga" wake, yaelekea ni Mastacembelus, samaki mzuri wa kufugwa ambaye anastahili mwongozo wake mwenyewe.

Mikunga wa kweli wa mito ni jenasi ya Anguilla. Afrika Mashariki tunao wanne: Anguilla mossambica, Anguilla marmorata, Anguilla bicolor na Anguilla bengalensis wa namna ya Kiafrika. Hupatikana katika mito inayomwaga maji Bahari ya Hindi, kama Tana, Athi ambayo chini huitwa Galana na kisha Sabaki, Pangani, Rufiji na Ruvuma. Wote wana pezi dogo nyuma ya kichwa kila upande, taya la chini lililotangulia kidogo lile la juu, na pezi moja refu linalozunguka mkia. Ili kuwatenganisha, tazama pezi la mgongoni linapoanzia. Kwa bicolor huanzia karibu sawasawa na tundu la haja, na kwa wengine watatu huanzia mbele zaidi. Kati ya hao watatu, mossambica hana madoa, na wawili waliobaki wana mabaka. Tofauti hii ina uzito kwa mfugaji, kwa kuwa marmorata aweza kufika mita 2 na kilo 20, na hakuna sebule ya kawaida inayomtosha.

Kuna pia mkunga wa familia ya Muraenidae, Gymnothorax tile, anayeuzwa kama mkunga wa maji baridi. Hana mapezi ya nyuma ya kichwa, ana madoadoa madogo ya njano au meupe, hufika sentimita 60, na kwa asili ni wa milango ya mito na mikoko ya Asia. Akiwekwa katika maji matupu hula kwa muda, kisha hukataa chakula na kudhoofika. Anayemtaka amwandalie maji ya chumvichumvi tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kumchukua mkunga kutoka kwa mvuvi, muone ofisa uvuvi wa eneo lako. Tanzania ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016, na ofisa ndiye atakayekueleza kibali gani kinahitajika kwa samaki hai wa porini. Wasomaji wa Ulaya wajue kwamba mkunga wa huko, Anguilla anguilla, yumo katika daraja la samaki walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka, na biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu mwaka 2009. Binafsi nisingemnunua. Mkunga yeyote wa Anguilla aliye katika tangi ametolewa porini, kwa sababu hakuna anayewazalisha nyumbani. Watafiti wa Japani walifaulu kukamilisha mzunguko wa maisha wa mkunga wao katika maabara mwaka 2010, baada ya kazi ya miongo mingi.

Hatua ya pili: kuamua kama wataishi pamoja

Wasiishi pamoja. Mkunga humla gayogayo anayemtosha mdomoni, na hata asipomla humaliza chakula chote kabla gayogayo hajatambua kwamba kimeshuka. Mfugaji mwenye nafasi ya tangi moja tu achague samaki mmoja kati ya hawa wawili. Maelezo yanayofuata yanachukulia kuwa kuna matangi mawili.

Hatua ya tatu: tangi, mchanga na kifuniko

Tangi la gayogayo hupimwa kwa sakafu yake. Kwa samaki wawili au watatu wa sentimita 10, sakafu ya sentimita 90 kwa 45 inatosha, na kimo cha maji cha sentimita 30 ni kingi; tangi refu kwenda juu linalopendeza sebuleni huwa na sakafu ndogo, na sakafu ndiyo nyumba yao. Kwa mkunga mchanga wa sentimita 20 anza na lita 200, ukijua kwamba mossambica akifika mita moja atahitaji urefu wa tangi wa mita 2 na upana usiopungua sentimita 70. Asiyeweza kuahidi tangi hilo la baadaye asimchukue yule mdogo wa leo.

Mchanga ni jambo la kukaa nalo. Gayogayo hujifukia kwa kupiga mapezi marefu ya ukingo wa mwili mpaka macho peke yake yabaki juu, na ubavu wake wa chini hauna kinga ya kutosha dhidi ya kokoto zenye ncha. Chukua mchanga wa mto, ule laini wanaotumia mafundi kwa lipu, uupepete kwa chekecheke ya unga, kisha uusugue kati ya viganja. Ukikukwaruza, utamkwaruza na yeye. Uoshe ndoo kwa ndoo hadi maji yatoke meupe. Kwa mchanga wa kilo 40 kazi hii huchukua asubuhi nzima, na anayeifupisha hukaa na maji ya tope wiki mbili. Kina cha sentimita 5 kinawatosha wengi. Mchanga wa ufukweni mwa Bahari ya Hindi mara nyingi huwa na vipande vya kombe na marijani: vinakata ngozi, na hupandisha ugumu wa maji, jambo lisilowafaa samaki wa Amazon.

Mchanga wa kina kirefu usiogusika huoza ndani na kutoa harufu ya yai bovu. Utibue polepole kwa kidole kila wiki, robo ya sakafu kwa zamu. Konokono wa jenasi ya Melanoides, mwenye gamba refu lililochongoka, hulima mchanga bila malipo na huvumilia hata chumvi kidogo. Wachukue kwa mfugaji mwenzio na usiwaokote mtoni, kwa sababu maji wanamoishi konokono wa porini aghalabu huwa pia na wale wanaobeba kichocho.

Mkunga anataka mchanga uleule na, zaidi ya hapo, maficho. Mpe bomba la plastiki la maji, lililo wazi pande zote mbili, lenye kipenyo kinachozidi kidogo unene wake. Mkunga hutulia pale mwili unapogusa ukuta kila upande, na katika pango pana huhangaika. Bomba lilazwe kwa urefu mbele ya tangi ili uweze kumwona, la sivyo utakuwa umefuga bomba.

Kifuniko kina uzito kuliko kifaa chochote cha umeme kwa mfuga mikunga. Mkunga hupumua kwa sehemu kubwa kupitia ngozi anapokuwa nje ya maji, na huko porini huvuka nyasi zenye umande kutoka dimbwi hadi dimbwi. Tundu linalopitisha nyaya na mpira wa hewa linamtosha. Mkunga wangu wa kwanza alitoka usiku wa tatu kwa upenyo wa upana wa vidole viwili, nikamkuta alfajiri nyuma ya jokofu, amejaa vumbi na nywele, bado anachezesha matamvua. Nilimsuuza kwa maji ya tangi lake, nikamrudisha, akakaa siku nne bila kula. Tangu hapo kila upenyo naujaza sifongo nzito iliyobanwa, kifuniko nakiwekea matofali mawili, na maji nayaacha sentimita 10 chini ya ukingo. Gayogayo naye haruki, lakini hupanda kioo kwa kujinyonya, kwa hiyo naye awekewe kifuniko, hata kikiwa chepesi.

Hatua ya nne: maji na chumvi

Maji ya bomba yakae siku moja katika ndoo wazi, yakipigwa hewa, ili klorini itoke, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafuga samaki. Wakazi wa pwani wanaotumia visima wayapime kwanza, kwa sababu maji ya visima vingi vya mijini yana chumvi tayari, na anayeongeza juu yake bila kupima hajui alipofika.

Kipimo ni haidromita, inayoonyesha uzito wa maji yakilinganishwa na maji matupu. Maji matupu husoma 1.000 na maji ya bahari karibu 1.026. Anguilla wa ukubwa wowote, Hypoclinemus na Brachirus wakae kwenye maji matupu. Trinectes mchanga pia akae humo, kisha apandishwe taratibu akikua, hadi 1.005 na baadaye, akipita sentimita 8 au 10, karibu na 1.010. Gymnothorax tile anafaa 1.010 au zaidi. Kupandisha kufanyike kwa hatua ya 0.002 kwa wiki, kwa kuwa bakteria wa chujio nao ni viumbe, na chumvi ikija ghafla hufa kabla ya samaki.

Tumia chumvi ya matangi ya baharini, yenye kalisi na madini mengine. Chumvi ya mezani haina madini hayo. Gramu 7 kwa lita hutoa kiasi cha 1.005, yaani tangi la lita 200 linahitaji karibu kilo moja na nusu. Anayeishi ufukweni ana njia rahisi: ndoo moja ya maji ya bahari ikichanganywa na ndoo nne za maji matupu hutoa kiwango hichohicho, na ndoo mbili kwa tatu hutoa karibu 1.010. Maji hayo yachotwe maji ya bahari yakiwa yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mifereji, na si katika siku za masika mito inapomwaga tope. Yapitishe kwenye kitambaa safi, yakae gizani wiki mbili yakipigwa hewa, kisha uyapime upya. Upimaji huo ufanywe kwa haidromita, wala usikadirie kwa ulimi, ingawa najua wengi wetu hufanya hivyo.

Chujio lianze kazi kabla ya samaki. Samaki hutoa amonia, bakteria wa kwanza huigeuza nitriti, na wa pili huigeuza nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Weka punje chache za chakula cha samaki kila siku tangini, upime mpaka amonia na nitriti zote zisome sifuri, ndipo ukawachukue samaki. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki. Mdomo wa chujio uvishwe sifongo, kwa sababu mkunga mchanga hujipenyeza ndani na gayogayo hunaswa hapo.

Umeme ukikatika, gayogayo hudhurika mapema kuliko mkunga. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu na tangi, wala isihifadhiwe kabatini pamoja na vitu vya sikukuu. Joto nalo lidhibitiwe: Trinectes huhangaika zaidi ya nyuzi 28, na katika miezi ya joto ya Dar es Salaam feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, kwa gharama ya maji yanayopungua, ambayo hujazwa kwa maji matupu kwa sababu chumvi haivukizi.

Hatua ya tano: kumkaribisha

Mweke samaki mpya peke yake wiki tatu katika tangi dogo lenye mchanga. Mkunga usimkamate kwa mkono mkavu wala kwa wavu wenye matundu, kwani ute wake ndio ngozi yake ya pili. Msubiri aingie katika bomba, ziba ncha zote mbili kwa viganja, kisha mhamishe na bomba lake. Damu mbichi ya mkunga ina sumu inayoharibika ikipikwa, kwa hiyo aliyejikata au kumsafisha mkunga aliyekufa asisugue macho kabla ya kunawa.

Hatua ya sita: chakula

Gayogayo wengi wa majumbani hawafi kwa ugonjwa. Hufa njaa wakiwa katika tangi lenye chakula. Mdomo wao ni mdogo, umepinda kuelekea ubavu wa chini, na hunyonya kitu kinachotikisika karibu na mchanga. Punje kavu zinazoelea juu hawazitambui. Niliwahi kuwafuga pamoja na perege wadogo, nikawa naridhika kuona chakula kinakwisha kila jioni, na baada ya wiki saba gayogayo mmoja alikuwa mwembamba kiasi cha kuonyesha miiba akielekezewa mwanga. Perege ndio waliokuwa wakila.

Wape nyungunyungu waliokatwa vipande vya milimita chache, uduvi wadogo, mabuu mekundu yanayouzwa yakiwa yamegandishwa, na kamba waliosagwa kwa kisu. Chakula kilichogandishwa kiyeyushwe kwanza, kisha kishushwe kwa mrija hadi kwenye mchanga mbele ya samaki. Walishe baada ya kuzima taa, kama saa tatu usiku, na utazame kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Samaki mpya asiyekula apewe minyoo hai. Akishazoea mkono wako na mahali, mchanganyie taratibu na vipande vilivyokufa. Wachanga wale kila siku, mara mbili. Mabaki yatolewe asubuhi kwa mpira wa kunyonyea, maana gayogayo hafuati chakula kilichofukiwa.

Kipimo cha afya ni unene nyuma ya kichwa. Samaki aliyeshiba ana mgongo uliovimba kidogo pande zote mbili za uti. Anayebonyea hapo na macho yake yakaonekana kutokeza ameshakaa bila chakula siku nyingi, na apelekwe tangi la peke yake siku hiyohiyo.

Mkunga ana tabia nyingine kabisa. Anakula kwa harufu, huzoea haraka saa na mkono, na baadhi hujifunza kutoa kichwa kwenye bomba wanapoisikia miguu yako. Mdogo alishwe mara moja kwa siku na mkubwa mara mbili au tatu kwa wiki: nyungunyungu mzima, minofu ya samaki mweupe, kamba aliyemenywa. Badilisha vyakula, kwa kuwa kamba na baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mkunga anayelishwa kitu kimoja miezi mingi hupata matatizo ya neva. Akikataa kula wiki mbili bila dalili nyingine usihangaike; mikunga hufunga kula maji yakipoa au wakihamishwa. Usimwekee samaki wadogo hai wa kutoka madimbwini, maana huleta vimelea, akiwemo mnyoo wa kibofu cha hewa aliyewasumbua mikunga wa Ulaya tangu aletwe kutoka Asia.

Hatua ya saba: magonjwa

Magamba ya mikunga ni madogo na yamezama ngozini, na ngozi ya gayogayo hugusa mchanga saa zote, kwa hiyo dawa zenye shaba zitumiwe kwa uangalifu mkubwa au ziachwe. Kwa vidoa vyeupe, pandisha joto taratibu hadi nyuzi 30 kwa wale wanaolivumilia, ongeza hewa, na tia gramu 2 hadi 3 za chumvi kwa lita kwa siku 10 hadi 14. Wekundu kwenye ubavu wa chini wa gayogayo karibu kila mara ni mchanga mchafu au mkali. Safisha mchanga kabla ya kununua chupa ya dawa.

Hatua ya nane: mkunga anapobadilika rangi

Miaka ikipita, mara nyingi zaidi ya kumi kwa majike, mkunga wa Anguilla huanza kubadilika. Macho hukua makubwa, mapezi ya nyuma ya kichwa hurefuka na kuwa na rangi ya giza, tumbo la njano hugeuka la fedha, na hamu ya kula hupungua hadi kwisha. Kisha anaanza kuogelea usiku kucha akisukuma kifuniko. Huo ndio mwili unaojiandaa kwa safari ya baharini, na hakuna dawa ya kuuzuia.

Aliyekaa na samaki wa nje au katika maji ya duka asirudishwe mtoni, kwa sababu anaweza kupeleka ugonjwa ambao mto huo haujapata kuuona. Lakini aliyetolewa katika mto unaojulikana, akafugwa peke yake, na rekodi zake zikatunzwa, ofisa uvuvi aliyekupa kibali anaweza kuamua kama anarudishwa chini ya mabwawa ya umeme, karibu na mlango wa mto uleule. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza andika katika daftari mto alikotoka, tarehe, urefu wake, na kila samaki aliyewahi kuingia tangini mwake. Kufikia siku hiyo kifuniko kiongezwe uzito, nuru ya chumba ipunguzwe usiku, na bomba lake libadilishwe kwa lililo pana zaidi, maana atakuwa hatulii tena katika lile la zamani.